Sura ya Sita: Kidukari kwenye Jani la Kunde

Mtu anayeshika sheria za kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, akiingia soko la Wote, au la Kalundu mjini Kitui, nyama haimtaabishi. Bucha ya Kiyahudi haipo Makueni wala Kitui, kwa hiyo nyama hanunui, na hapo neno limekwisha. Kazi iko kwenye mboga. Fungu la kunde lililochumwa alfajiri, bado lina umande, laweza kumtia hatiani mara nyingi kuliko kipande cha nguruwe.

Hapa hakuna chumvi iliyoongezwa. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinakataza viumbe vitambaavyo juu ya nchi, na katazo hilo limerudiwa mara kadhaa katika Torati kwa maneno tofauti. Marabi wa Talmudi walihesabu marudio hayo moja baada ya jingine. Katika risala iitwayo Makkot, Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, anasema mtu akila mdudu fulani mdogo wa majini amevunja amri nne. Akila sisimizi, tano. Akila nyigu, sita. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kiyahudi mtu anaweza kumaliza maisha yake yote bila kukaribia nguruwe, lakini kila wiki anakaribia sinki lenye majani na hofu ya kweli moyoni.

Nani hasa anakutana na swali hili huku Ukambani? Wayahudi wa Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, ambako jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1904 na sinagogi la kwanza likafunguliwa mwaka 1913. Lakini barabara ya Mombasa inaipasua Makueni kutoka Salama hadi Mtito Andei, kupitia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, na wasafiri wa kila dini wanasimama humo kula. Kibwezi ina historia ya ziada: mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Ben-Gurion cha Israeli walishirikiana huko katika mradi wa kilimo cha nyanda kavu, wakamwagilia mboga kwa matone ya maji kama inavyofanyika katika jangwa la Negev. Ujuzi wa kuotesha mboga penye vumbi ulivuka bahari. Wadudu hawakuhitaji kuvuka, walikuwapo tayari.

Makindu nako kuna jiko linalostahili kutajwa. Gurdwara ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli, humpa chakula bure kila apitaye, na chakula hicho hakina nyama. Msafiri Myahudi akifika hapo anajua kwamba hatakutana na nyama haramu, wala nyama iliyochanganywa na maziwa. Masufuria na uwashaji wa moto vina sheria zake zenyewe, ambazo haziamuliwi njiani. Lakini hata hizo zingeondolewa, angebaki na swali la dania na majani yaliyo ndani ya mchuzi: yalitazamwa na nani, na kwa namna gani? Swali hilo halihusu usafi wa jiko. Jiko linaweza kung'aa na jani likawa na kidukari.

Kipimo cha sheria ni jicho la mtu wa kawaida. Kiumbe kisichoonekana bila hadubini hakihesabiwi. Rabi Yechiel Michel Epstein, aliyefariki mwaka 1908, aliandika wazi kwamba Torati haikukataza kile ambacho jicho haliwezi kukiona. Vinginevyo hakuna mtu angekunywa maji wala kuvuta pumzi. Lakini doa dogo jeusi linaloonekana, hata kama mtazamaji hajui ni nini, linahesabiwa likithibitika kuwa ni mdudu. Mwaka 2004 marabi wa New York walibishana vikali kuhusu viumbe vidogo vilivyogunduliwa katika maji ya bomba ya mji huo, vilivyokuwa pale pale kwenye mpaka wa kuonekana na kutoonekana. Familia kadhaa zikaanza kuchuja maji ya kunywa.

Halafu kuna suala la uzima wa kiumbe. Kwa kawaida, kitu haramu kikiangukia chakula halali na kikawa chini ya sehemu moja kati ya sitini, huwa kimemezwa na wingi na chakula kinaruhusiwa. Mdudu mzima hamezwi na wingi. Sufuria ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, ya kulisha harusi nzima haitoshi kumfunika fukusi mmoja aliye kamili. Akivunjika, hesabu ya sitini inarudi, ila hairuhusiwi kumponda kwa makusudi ili kuipata ruhusa hiyo.

Kwa hiyo kila mboga hupewa daraja. Ipo ile inayojulikana kuwa na wadudu, ambayo haramu yake ni ya kudhaniwa tangu mwanzo. Ipo yenye wadudu mara chache, lakini si nadra. Rabi Yaakov wa Karlin, katika karne ya 19, aliweka mpaka wa kundi hilo kwenye sehemu moja kati ya kumi, na wengi wanamfuata mpaka leo. Hiyo lazima itazamwe kabla ya kuliwa. Na ipo ile ambayo mdudu ndani yake ni ajabu, na hiyo inaliwa bila kuulizwa. Daraja hizi hazifungwi na jina la mboga peke yake. Zinategemea mahali, msimu na shamba, na hapo ndipo orodha iliyochapishwa New York au Yerusalemu inapokwama ikiletwa Kitui.

Kunde, kwa mfano, haimo sana katika orodha hizo, kwa sababu Wazungu na Wamarekani wanakula mbegu zake na kuyaacha majani. Ukambani majani ndiyo mboga. Adui wake mkuu ni kidukari mweusi, ambaye wanasayansi humwita Aphis craccivora. Hukaa kwa makundi kwenye vichipukizi na upande wa chini wa majani machanga, akifyonza utomvu na kuacha utelezi wenye sukari unaovuta sisimizi. Mvua kubwa humwangusha; kiangazi kinapokaza, huongezeka haraka, kwani jike huzaa bila dume na huzaa watoto walio hai. Anayenunua kunde mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha, na anayenunua mwezi wa Septemba kutoka shamba la kumwagiliwa kando ya mto Athi, wamenunua vitu viwili tofauti ijapokuwa jina ni moja.

Sukuma wiki ina wadudu wake: kidukari wa kabichi mwenye unga wa kijivu, nzi weupe, na kiwavi mdogo wa kijani wa nondo aitwaye Plutella xylostella, ambaye rangi yake na ya jani hazitofautiani. Bahati ya sukuma wiki ya Kenya ni kwamba jani lake ni pana na halijajikunja sana. Zile aina zenye kingo za mikunjo mingi, zinazopendwa Ulaya, huwachosha hata wakaguzi wazoefu. Kabichi hufungwa tangu ndani, kwa hiyo majani ya nje hutupwa na yaliyobaki hutenganishwa moja moja. Terere ina mabuu yanayokunja jani na kujificha humo. Dania ndiyo ngumu kuliko zote kwa udogo wake, na mtu asiye na muda ni heri aiache sokoni.

Namna ya kuandaa haina siri. Majani hutenganishwa na kulowekwa dakika kadhaa katika maji yenye sabuni kidogo isiyo na madhara, kwa sababu sabuni huulegeza mshiko wa kidukari. Hukorogwa kwa mkono, kisha kila jani husuuzwa pande zote mbili chini ya maji yanayotiririka. Baadaye huinuliwa kwenye mwanga. Jani likielekezwa juani, mistari myeupe ya mabuu yanayochimba ndani yake huonekana waziwazi, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Wenye kutaka uhakika zaidi humimina maji ya kusuuzia juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa karibu, wakakitandaza na kukitazama. Kitambaa kikiwa na mdudu, majani hurudi majini. Kikiwa safi, mboga huingia sufuriani.

Mama yeyote wa Mbooni au Mutomo angesema kwamba kazi hiyo anaijua. Kuchambua kunde jani kwa jani, kuondoa vijiti, kuosha mara tatu mpaka mchanga uishe, ni kazi ya kila siku. Tofauti iko mahali pamoja: yeye huosha mpaka mboga iwe safi kwa kula, na akisalimika kidukari mmoja katika sufuria hakuna aliyeumia. Kwa mwenye kosher kidukari huyo mmoja ndiye kazi yote.

Maji ndiyo yanayofanya sheria hii kuwa nzito katika kaunti hizi mbili. Nyumba ambayo maji yake yalibebwa kwa punda kutoka mtoni, au yalichotwa kwenye bwawa la mchanga, haiwezi kusuuza sukuma wiki chini ya mfereji. Lakini sheria haiulizi chombo gani kimetumika. Beseni mbili zinatosha, moja ya kulowekea na ya pili ya kusuuzia, na maji ya pili yanaweza kuwa ya kwanza kwa fungu linalofuata. Mwisho wake ni kwenye kitalu cha miche. Jua, ambalo Ukambani halikosekani, hufanya kazi ya zile taa maalumu zinazouzwa ng'ambo kwa wakaguzi wa mboga.

Kazi hii pia ina saa yake. Siku ya Sabato kuchagua kibaya na kukitoa ndani ya kizuri ni mojawapo ya kazi 39 zilizokatazwa, kwa hiyo majani na nafaka hukaguliwa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Karibu na ikweta jua halibadiliki sana. Kitui linazama takriban saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Waadventista wa Sabato, ambao wapo wengi Kenya na wanaisoma sura ile ile ya 11 ya Mambo ya Walawi, nao huandaa chakula chao Ijumaa na kuepuka nguruwe. Ila wao hawakurithi mjadala wa marabi kuhusu kidukari.

Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani na katika miji ya Ukambani, walimkabili mdudu huyo huyo na kufika kwingine. Mafakihi wao wanasema buu aliyezaliwa ndani ya tunda, jibini au siki anaweza kuliwa pamoja na chakula chake ikiwa ni vigumu kumtenga. Akitolewa peke yake, haliwi. Sababu ni ugumu: sheria haimbebeshi mtu asichoweza. Marabi walilitazama tatizo hilo na kuuliza mahali mdudu alipozaliwa.

Swali la mahali linaiweka ndengu kwenye kiti cha moto. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza Kenya kwa zao hili, na mwaka 2018 serikali ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ililitangaza kwa wakulima kama zao la kuwatoa katika umaskini. Mdudu wake ni fukusi wa jamii ya Callosobruchus. Jike hugandisha yai juu ya ganda au juu ya punje. Buu hutoboa na kuingia, hula ndani kwa ndani, na baada ya kama mwezi mmoja fukusi mzima hutoka akiacha tundu la mviringo lenye ukingo safi. Mzunguko huanza shambani ganda likiwa bado limening'inia, na huendelea ghalani kizazi baada ya kizazi.

Rabi Yosefu Karo, aliyeandika Safed na ambaye kitabu chake cha sheria kilichapishwa Venice mwaka 1565, aliligawa jambo hili pande mbili. Mdudu aliyeumbika ndani ya tunda au punje ikiwa bado imeshikamana na ardhi ni haramu, kwa sababu amehesabiwa kuwa ametambaa juu ya nchi. Aliyeumbika baada ya kuvunwa, na hajatoka nje, anaruhusiwa. Akitoka, hata hatua moja, ruhusa imekwisha. Katika gunia la ndengu la Mwingi wote wawili wamo, na hakuna awezaye kusema yupi alianza lini. Palipo na shaka kama hiyo hushikwa upande mgumu: punje yenye tundu au yenye doa jeusi chini ya ngozi hutupwa.

Kupeta kwa uteo huondoa fukusi wanaotembea, makapi na vumbi. Hakuondoi walio ndani. Kinachosaidia ni kuloweka: punje iliyoliwa ndani huelea, nzima huzama. Zinazoelea huenguliwa, kisha zilizozama humwagwa juu ya sahani nyeupe na kuangaliwa kwa mafungu madogo. Muthokoi una faida yake, kwa kuwa mahindi yaliyotwangwa kinuni na kupetwa yameshavuliwa ngozi, na punje yenye pango huvunjika mapema ikaenda na pumba.

Mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, imeingia katika ghala nyingi za Ukambani. Hewa ya oksijeni ikiisha ndani, fukusi hufa bila dawa. Kwa mkulima huo ni ushindi mkubwa. Kwa mwenye kosher ni nusu ya njia, kwa sababu mdudu mzima aliyekufa ni haramu kama aliye hai. Lakini gunia lililofungwa mapema, siku chache baada ya kukausha, halipati nafasi ya kujaza vizazi vitano vya fukusi, na kazi ya kuchagua inapungua sana. Anayenunua ndengu na amuulize muuzaji zilifungwa lini. Jibu hilo lina uzito kuliko bei.

Tundu la mdudu lina ubaya mwingine, na Makueni na Kitui wanaujua kwa machozi. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwashika watu 317, na 125 kati yao wakafa, wengi wao kutoka wilaya hizi mbili. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa na unyevu. Kuvu hupenda punje iliyovunjika au kutobolewa, kwani mlango umeshafunguliwa. Sumu yenyewe haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Hapa sheria ya jicho inafika ukingoni mwake, na anayeishika lazima ashike pia nyingine ya Talmudi, iliyo katika risala ya Chullin: jambo la hatari hushikwa kwa ukali kuliko jambo la haramu.

Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kuamua suala la dawa za kunyunyizia, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Mnunuzi anayetaka jani lisilo na mdudu hata mmoja anaweza, bila kujua, kuwa anamwomba mkulima anyunyize jioni na kuvuna asubuhi. Kila dawa iliyosajiliwa ina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, zilizoandikwa kwenye chupa. Kunde zinachumwa mara kwa mara kutoka shina lile lile, na sukuma wiki vivyo hivyo. Siku za kungoja zinamkata mkulima kipato. Jani linalong'aa lisilo na tundu hata moja katikati ya kiangazi ni jani la kuulizia. Lenye matundu machache na vidukari wachache linaweza kusafishwa kwa maji na subira. Sumu iliyonywewa na jani haisafishiki hivyo.

Israeli ilijaribu kulimaliza tatizo kwa jengo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Gush Katif, makazi ya Waisraeli ya wakati huo katika Ukanda wa Gaza, walianza kuotesha mboga za majani ndani ya nyumba za plastiki, kwenye mchanga safi, nyuma ya nyavu za matundu madogo na milango miwili, pamoja na dawa. Mboga hizo zikauzwa kama zisizo na wadudu. Nyavu zinaeleweka Makueni, na zinaweza kufunika kitalu cha sukuma wiki kwa gharama ndogo kuliko nyumba nzima ya plastiki. Zinamzuia nondo kutaga, ijapokuwa kidukari mdogo hupenya penye uzembe.

Njia nyingine imetoka karibu zaidi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilimleta nyigu mdogo Diadegma semiclausum kutoka Taiwan na kumwachilia katika vilima vya Taita, jirani na Makueni, mwaka 2002. Nyigu huyu hutaga ndani ya yule kiwavi wa kijani wa Plutella na kumuua. Mkulima anapunguza kunyunyiza. Mnunuzi wa kosher bado atatafuta vifuko vya nyigu chini ya jani, maana naye ni mdudu, ila atavitafuta kwenye jani lisilo na sumu, na hiyo ni biashara nzuri.

Embe nalo limepitia mkaguzi mkali kuliko rabi yeyote. Nzi wa matunda Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Hutoboa ganda, hutaga, na mabuu hula nyama ya tunda likiwa bado mtini, kwa hiyo kwa hesabu ya Karo ni haramu bila mjadala. Soko la Ulaya nalo halikutaka buu hata mmoja. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe huko, na safari ikarudi mwaka 2021. Katikati ya miaka hiyo wakulima walifundishwa kutundika mitego, kuokota maembe yaliyoanguka na kuyazika au kuyafungia juani ndani ya plastiki nyeusi. Embe la shamba kama hilo ndilo la kununuliwa. Hata hivyo hukatwa kwanza, na nyama karibu na kokwa hutazamwa, kwani alama ya kutobolewa kwenye ganda ni ndogo na huponyoka macho.

Kwa nyumba ya kosher Wote au Kitui mjini, kalenda ya mvua inafaa kuliko orodha yoyote. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa Ukambani, huleta majani machanga yaliyooshwa na mbingu, na huo ndio wakati wa kula kunde na kusafisha kwa wepesi. Kuanzia Julai vidukari hushamiri kwenye mashamba machache ya kumwagiliwa. Wakati huo meza inaweza kuegemea malenge, viazi vitamu, mihogo, karoti zilizomenywa, vitunguu vilivyovuliwa maganda ya nje, na ndengu zilizofungwa mapema. Mwenye kutamani mboga za majani hata wakati huo atafute mkulima mmoja anayemjua, amuulize alinyunyiza lini na alinyunyiza nini, anunue fungu dogo, na aanze kuliloweka Ijumaa saa nane mchana, mwanga ukiwa bado mwingi.